Akisema "tumetengeneza kazi", muulize: kazi ya aina gani?

UZI 👇🏾

Kila msimu wa siasa mjadala ni ule ule. Mmoja anapanda jukwaani anasema serikali imetengeneza kazi laki kadhaa. Mwingine anajibu, "Hizo si kazi, hivyo ni vibarua." Komenti zinawaka, watu wanatukanana hadi usiku wa manane, na hakuna aliyeeleza hayo maneno yana maana gani kisheria.

Leo hatutaji chama, hatutaji mtu. Tunafungua tu neno moja: kazi. Kuna ya kudumu, ya mkataba, ya uanagenzi, ya kibarua, ya wakala na ya apu. Mifano mingi nitaitoa Karatina na Mathira, kwa sababu hapa zote zinakutana kwa barabara moja: soko, viwanda vya chai na kahawa, chuo kikuu, shule, boda na vijana wenye laptop.

Tuanze na namba, ndio tusibishane hewani. Ripoti ya uchumi ya KNBS ya 2025 inasema mwaka 2024 zilipatikana nafasi mpya za kazi 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani tisa kwa kila kumi. Kwa jumla Kenya ilikuwa na watu milioni 20.8 wanaofanya kazi, na milioni 17.4 kati yao wako jua kali, sokoni, kwa boda, kwa vibanda.

Kwa hivyo anayesema kazi zimeongezeka ana karatasi mkononi. Na anayesema "mimi sizioni" pia hadanganyi, kwa sababu yeye anatafuta ile yenye payslip. Wote wawili wanasoma ukurasa mmoja wa ripoti moja.

Sasa tuingie ndani.

Ya kwanza ni ile kila mzazi wa Mathira anaiombea mtoto wake kanisani: P&P, ajira ya kudumu yenye pensheni. Wengi wanadhani "kudumu" maana yake hufutwi. La. Maana yake ni mkataba usio na tarehe ya mwisho. Unaweza kufutwa, lakini lazima kuwe na sababu, usikilizwe kwanza, na kama ni kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai notisi na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha.

Na hilo neno "pensheni" lenyewe limebadilika huku watu wakiendelea kulitamka vile vile. Babu aliyestaafu serikalini hakukatwa shilingi kwa ajili ya pensheni yake, ililipwa na Hazina moja kwa moja. Tangu Januari 2021 kuna mfuko mpya wa watumishi wa umma: mfanyakazi anachangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. (Walianza polepole, asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, ndio wakafika hapo.) Kwa hivyo P&P ya kijana wa leo si ile ya mzee. Bado ni nzuri, lakini sehemu ya mzigo imehamia kwake.

Ya pili, mkataba wa muda. Miaka mitatu, mitano, miezi sita. Hapa watu hukosea kwa upande wa pili, wanadhani mkataba ni umaskini moja kwa moja. Serikalini mtu wa mkataba mara nyingi hupewa kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi mkataba ukiisha. Mkubwa wa shirika hawezi kulia na hiyo. Wengine huitafuta wenyewe.

Shida ni kwa mdogo. Mahakama ya Rufaa imerudia kwamba kwa kawaida mkataba wa muda unaisha wenyewe tarehe ikifika. Mwajiri hahitaji sababu. Huwezi kusema "lakini nilitarajia kuongezewa" kama hakukuahidi. Sasa fikiria nesi aliyeajiriwa 2020 wakati wa korona kwa mkataba wa miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote. Ugonjwa wa watu haukuisha baada ya miaka mitatu. Wodi haikufungwa. Ilikuwa kazi ya kudumu iliyovalishwa nguo ya muda, na ndio maana wahudumu hao walikesha barabarani Nairobi mwaka 2025 wakidai P&P.

Hilo ndilo swali ningependa kila mtu alibebe kwenye mjadala: kazi yenyewe inaisha, au ni mkataba tu unaoisha?

Kwa haki, tusikilize na upande wa mwajiri wa umma. Kanuni za fedha zinasema mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake, na kaunti nyingi zimepita hapo. Kila mtu wa kudumu unayemwajiri leo ni deni la miaka thelathini mbele. Gavana, awe wa mrengo gani, akiona hiyo hesabu anakimbilia mkataba na vibarua. Si lazima awe mtu mbaya. Lakini usiniambie ameokoa pesa. Amehamisha hatari kutoka kwa kaunti hadi kwa nyumba ya nesi.

Na hiyo ndiyo siri ya mambo haya yote. Ukisikia "mfumo mpya wa kazi", usiangalie jina. Uliza: kazi ikikosekana wiki hii, nani analala njaa? Mtu akiugua, nani analipa siku hizo? Akizeeka je? Kila mfumo ni jibu tofauti la maswali hayo matatu.

Tuje kwa walimu, kwa sababu hapa ndipo mjadala ulikuwa moto kuliko kwingine kote.

Mwanzoni mwa 2023, sekondari ya msingi ilipoanza, TSC iliajiri walimu kwa maelfu kama wanagenzi. Posho: 20,000 kwa mwezi. Chukua mshahara wa 20,000 na makato ya kawaida ya leo: NSSF asilimia 6 ni 1,200, SHIF asilimia 2.75 ni 550, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 300. Unabaki na 17,950. Hapo bado hujalipa nyumba, nauli, wala deni la HELB.

Mwanagenzi kwa Kiswahili cha kawaida ni mtu anayejifunza kazi chini ya fundi. Sasa huyu mwalimu ana digrii, amesajiliwa na TSC yenyewe, na katika shule nyingi za huku mashinani yeye ndiye alikuwa mwalimu pekee wa Gredi ya 7, anafundisha masomo matano ambayo mawili hakuyasomea. Fundi wake alikuwa nani?

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliuliza karibu swali hilo hilo. Tarehe 17 Aprili 2024 ilisema TSC haina mamlaka ya kisheria ya kuajiri walimu kama wanagenzi, kazi yake ni kuajiri walimu waliosajiliwa, kwa masharti ya walimu. Shule zilipofunguliwa Mei, walimu wakagoma. Mambo yalivutana, hadi Januari 2025 walimu karibu 46,000 wakaingizwa P&P. Mwezi huo huo, wanagenzi wapya 20,000 wakaajiriwa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Watu walishinda vita yao, lakini mlango walioingilia ukabaki pale pale kwa walio nyuma yao.

Wanaotetea uanagenzi wana hoja moja nzito: pesa zilizokuwapo zingeajiri walimu wachache sana wa kudumu, na madarasa mengi yangebaki bila mtu. Ni kweli, na mzazi aliyekuwa na mtoto Gredi ya 7 mwaka 2023 analijua hilo. Lakini hoja hiyo inamwambia mwalimu kijana, "Serikali haina pesa, kwa hivyo wewe ndiye utaikopesha." Maana kumlipa nusu mtu anayefanya kazi nzima ni kumkopa. Afadhali tuite hivyo tujadiliane riba.

Madaktari wanagenzi walikuwa na vita kama hiyo, tofauti ni kwamba wao kweli wako kwenye mafunzo. Yao ilikuwa kiasi: makubaliano ya 2017 yalisema zaidi ya 206,000, serikali ikataka kulipa 70,000. Mgomo wa 2024 ulianza katikati ya Machi ukaisha Mei, na suala la posho likamalizwa Desemba. Sirefushi.

Wahadhiri wa muda wa vyuo vikuu vya umma ndio kundi ambalo halipigiwi kelele. Wanalipwa kwa saa za somo, na mara nyingi malipo yanachelewa muhula mzima au zaidi. Mtoto wako chuoni anafundishwa na mtu anayedai mshahara wa mwaka jana. Hilo halijai kwenye mabango.

Sasa kibarua.

Neno lenyewe lina historia. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku huko pwani, akakirudisha jioni apewe pesa yake. Kikaratasi kikawa jina la kazi, kisha jina la mtu. Huku milimani tulikuwa na kikaratasi kingine, kibaya zaidi. Kipande kilitokana na sheria ya 1915, kikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, kila mwanaume Mwafrika akakivaa shingoni na mwajiri akaandika humo alivyotaka. Na sheria ya 1918 iliwataka maskwota wa mashamba ya walowezi watoe kazi siku 180 kwa mwaka ili wakae kwenye shamba. Kwa hivyo mtu akikuambia mikataba ya ajabu ilikuja na intaneti, mwambie aulize wazee wa Nyeri.

Karatina yenyewe ilipata kionjo. Wakati wa Vita vya Pili serikali ya kikoloni iliweka hapa kiwanda cha kukausha mboga za wanajeshi. Wakulima wakalima, wakauza. Vita vikaisha, kiwanda kikafungwa. Mteja mmoja, soko moja, siku moja basi. Shikilia hiyo picha, tutaihitaji tukifika kwa wale wa laptop.

Sheria ya leo inasemaje? Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Ni hiyo tu. Mtu ambaye amekuwa "kibarua" kwa duka la hardware miaka minne na analipwa kila Jumamosi, kisheria huenda si kibarua hata kidogo.

Kifungu cha 37 ndicho dawa. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja, au akiwa kwa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mtu wa kulipwa kwa mwezi. Sasa ana haki ya notisi ya siku 28 kwa maandishi. Na akiendelea miezi miwili na zaidi, anaanza kustahili mambo mengine ya mfanyakazi wa kawaida. Halafu kuna kitu wengi hawajui: kwenye kuhesabu hizo siku, baada ya siku sita mfululizo anahesabiwa siku moja ya mapumziko yenye malipo.

Ndio maana kwa mjengo utasikia foreman anasema, "Wewe pumzika wiki hii, kuja ile ingine." Wakati mwingine kweli simiti imeisha. Wakati mwingine mtu wa HR anahesabu siku zako kwa kalenda kuliko unavyozihesabu wewe. Kwa hivyo andika. Daftari la shilingi ishirini, tarehe, jina la site, pesa uliyolipwa. Ujumbe wa M-Pesa usifute. Mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi pale sheria inapoutaka, mahakamani yeye ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha mlikubaliana nini.

Lakini kuna shimo, na hapa Mathira ni shimo kubwa. Kifungu cha 37 kinaongea kuhusu kibarua wa siku. Yule anayelipwa kwa kipimo cha kazi je? Kilo, debe, gunia? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya chumvi, Krystalline Salt, huko pwani. Ikasema mtu wa kulipwa kwa kipimo ni aina yake, si kibarua wa siku, na kifungu cha 37 hakimbadilishi moja kwa moja kuwa wa mwezi.

Sasa geuza macho utazame shamba la chai. Mchunaji analipwa kwa kilo. Anaweza kuchuna kwa mtu mmoja miaka kumi, mvua na jua, na bado kisheria amesimama mahali pabaya zaidi kuliko mtu wa mkono wa mjengo aliyefanya wiki tano.

Na mwajiri wake ni nani? Hapa ndipo uzi huu utauma watu kidogo. Chai ya wakulima wadogo iko chini ya mfumo ambao ni wa aina yake duniani. KTDA ilianza kama shirika la serikali mwaka 1964, ikabinafsishwa mwaka 2000. Mkulima ana hisa kwa kampuni ya kiwanda, tuseme Ragati, kampuni za viwanda ndizo zinamiliki KTDA, na KTDA inalipwa na viwanda ili iviendeshe. Mwenye mali ameajiri meneja ambaye anaonekana kama bosi wake. Kila mjadala wa chai unaousikia, bonasi, ada za usimamizi, uchaguzi wa wakurugenzi, chanzo chake ni huo mviringo.

Lakini chini ya mkulima kuna mtu ambaye hayumo kwa huo mviringo. Bonasi ikija, mkulima anapiga simu kwa fundi wa paa. Mchunaji anasubiri kilo za kesho. Sisi tunaopiga kelele kwamba serikali inawanyanyasa wanagenzi, wengi wetu tuna mtu anachuna chai yetu, au dada anatulelea watoto, bila karatasi yoyote. Sheria ya Ajira haisemi mwajiri ni kampuni yenye mlango wa kioo. Wewe mwenye nyumba ni mwajiri. Likizo ya siku 21 kwa mwaka ni ya dada huyo pia.

Najua hapo watu watasema, "Na mimi pesa nitatoa wapi?" Hongera, sasa umeongea kama TSC.

Tuendelee. Kazi ya wakala.

Unaingia hospitali au benki. Askari wa mlango ni wa kampuni nyingine. Anayepiga deki ni wa kampuni nyingine. Siku hizi hata anayekuhudumia kwa kaunta anaweza kuwa wa kampuni nyingine. Sare inafanana, meza ni moja, payslip ni mbili.

Hakuna sheria inayokataza hivi. Lakini kuna mipaka ambayo mahakama iliichora. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley East Africa, Jaji Rika alitoa kanuni ambazo mawakili wa kazi wanazitaja hadi leo. Kwa kifupi: usitumie wakala kukwepa madeni ya wafanyakazi wako wa zamani. Usiitumie kuvunja chama cha wafanyakazi. Usitoe nje ile kazi ambayo ndiyo roho ya biashara yako. Watu wanaofanya kazi sawa wasilipwe kwa ubaguzi. Na kama umempa wakala kazi, mwache yeye asimamie watu wake. Ukiendelea kuwapangia zamu na kuwaadhibu wewe, wewe ndiye bosi.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililobeba kesi ambayo dunia nzima inaifuatilia. Kule Nairobi vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika walikuwa wakichuja picha na video za Facebook: mauaji, ubakaji, watoto. Mkataba wao ulikuwa na kampuni ya Sama, si Meta. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alishtaki. Januari 2023 Sama ikatangaza inaacha kazi hiyo, na wengine 184 wakashtaki. Meta ikasema: sisi si waajiri, hatuko Kenya, hamuwezi kutushtaki hapo. Mahakama ikasema Februari 2023 kwamba inaweza kushtakiwa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana. Hawajaamua nani alikosa. Wameamua tu kwamba mwenye kazi hawezi kujificha nyuma ya wakala kabla kesi haijasikizwa.

Halafu siasa ikaingia. Mwaka 2024 mswada ukaletwa Seneti uliokuwa na kifungu cha kumkinga mteja wa nje: kampuni ya wakala ndiyo ibebe madai ya wafanyakazi, mteja asishtakiwe. Waliouunga mkono walisema bila hivyo kampuni kubwa zitapeleka kazi India na Ufilipino. Waliopinga walisema basi tumeuza mahakama zetu kwa bei ya kiti cha ofisi. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa hofu ya wale wa kwanza si ya kubuni. Kazi hizo kweli huhama, na huhama haraka.

Huhama vipi? Sasa ndio tufike kwa laptop.

Tangu programu ya Ajira Digital ianze 2016, ujumbe kwa vijana umekuwa mmoja: kazi iko mtandaoni. Na iko. Ukipanga chumba karibu na Chuo Kikuu cha Karatina utawakuta: wanaandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, wananukuu sauti kuwa maandishi, wanaweka alama kwenye picha ndio akili mnemba ijifunze hii ni gari na hii ni mtu. Usiku ndio mchana wao kwa sababu mteja yuko Marekani. (Hizo insha tuziache leo. Zina maswali mengine.)

Machi 2024 jukwaa moja kubwa la kuweka alama, Remotasks, lilifunga Kenya. Hapakuwa na notisi ya siku 28 wala mkutano na chama cha wafanyakazi. Watu walipata barua pepe kwamba shughuli za eneo lao zimesitishwa. Aliyekodi nyumba na kununua laptop kwa mkopo akitegemea pesa hiyo hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Kumbuka kiwanda cha mboga: mteja mmoja, soko moja, siku moja basi. Tofauti ni kwamba kile kiwanda uliweza kukiendea ukasimama kwa geti.

Kisheria huyu kijana ni "mkandarasi huru". Ndivyo alivyobofya "nakubali". Vivyo hivyo dereva wa Uber au Bolt, ambaye anaitwa "mshirika". Mshirika haongezwi likizo. Akianguka, sheria ya fidia za ajali kazini haimtambui kwa urahisi, kwa sababu hiyo ni ya mwajiri na mwajiriwa. NSSF yake analipa peke yake, hakuna wa kumwekea ile asilimia 6 ya pili. Lakini nauli hapangi yeye, na akikataa safari nyingi, apu inamfungia. Ushirika gani huo ambapo mmoja ana swichi?

Kenya imefanya kitu kimoja hapo: kanuni za NTSA za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa komisheni ya apu kwa kila safari. Hiyo ni bei, si hadhi. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Februari 2021 mahakama yao ya juu ilisema madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa chini na likizo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake 2024, na mwaka 2025 mkutano wa ILO huko Geneva ulikubaliana kuandaa mkataba wa kimataifa kuhusu kazi za apu. Mtu akikuambia "haiwezekani, dunia ndivyo ilivyo", dunia yenyewe inabishana.

Boda wa kawaida asiye na apu naye? Wengi hawana mwajiri, wana deni. Pikipiki ni ya mkopo wa lipa mdogo mdogo, au ni ya mtu anayetaka pesa yake kila jioni, upate wateja usipate. Hapo hatari yote iko kwa kijana na haina hata jina kwa sheria ya ajira. Ila kwenye hotuba anaitwa mwekezaji.

Basi ukisikia namba ya kazi kwenye mdahalo, uliza haya kabla ya kupiga makofi au kutukana. Ni za muda gani? Kazi 1,000 za miezi mitatu si sawa na 1,000 za miaka kumi. Kwenye awamu ya pili ya Kazi Mtaani kijana alilipwa 455 kwa siku. Zilisaidia watu kula wakati wa korona, hilo sibishi, lakini ukizijumlisha na walimu kwa mstari mmoja umechanganya mahindi na mawe. Nani ameandika mkataba? Nani analipa sehemu ya mwajiri ya NSSF? Na waliopoteza kazi mwaka huo huo wametolewa kwa hesabu?

Kwa wale walioko kwa hali hii sasa hivi na si kwa mjadala tu: anza na ofisi ya kazi, iko Nyeri, malalamiko hupokelewa bila wakili. Mahakama ya Ajira ina kituo Nyeri pia. Lakini kama mshahara wako haukuzidi 80,000 kwa mwezi, tangu 2018 kuna mahakimu walioidhinishwa gazetini kusikiza kesi hizo, kwa hivyo uliza Karatina kwanza kabla hujapanda matatu. Madai mengi ya ajira hufa baada ya miaka mitatu. Wakati unaanza kuhesabiwa siku kosa lilipotokea, si siku ulipopata ujasiri. Beba daftari na zile meseji za M-Pesa.

Uzi ujao ni wa mishahara ya kaunti na ile asilimia 35, kwa sababu najua mtauliza. Mchunaji au mwalimu yeyote aliye na karatasi aliyopewa asaini na haielewi, anitumie DM, afunike majina kwanza.